Hisabati ya Msingi Isipunguziwe Hoja

Mnamo Aprili 2025, baada ya umma kulalamika kwamba hisabati ilikuwa ikielekea kufanywa somo la hiari katika sekondari pevu, Waziri wa Elimu wa Kenya, Bwana Julius Ogamba, alitangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma, wale wa sayansi na teknolojia wakipewa iliyo kamili, na wenzao wa fani nyingine ile ya msingi. Uamuzi huo nauafiki. Ila nachelea kwamba katika mitaa yetu ya Eastlands, jijini Nairobi, hisabati hiyo ya msingi itaishia kujumlisha na kutoa, na aljebra iachiwe wahandisi wa kesho.

Natulitazame soko la Uhuru, kule Jericho, ambako mafundi cherehani hushona sare za shule. Tuseme kodi na umeme humgharimu fundi shilingi 600 kwa siku, na kitambaa cha shati moja shilingi 200. Akishona mashati x, gharama ya kila shati ni 200 jumlisha 600 gawanya kwa x: likiwa 1 ni shilingi 800, yakiwa 6 ni 300, yakiwa 60 ni 210, na yakiwa 600 ni 201. Gharama hushuka daima, wala haifiki 200 abadan. Na mpaka huo ukaribiwao pasipo kufikiwa ndio wanahisabati wauitao asimptoti. Uko na mpaka wa pili: x haiwezi kuwa sufuri, kwani siku isiyo na shati haina la kulibebesha kodi. Basi akija mteja wa jumla, mwenye maneno laini, akataka kulipa shilingi 190 kwa shati kwa hoja kwamba wingi utafidia, fundi aliyeufahamu usemi huo wa gharama atajua papo hapo kwamba kila shati la ziada litamwongezea hasara ya shilingi 10.

Fundi huyo huyo huishi na aina nyingi za nambari: mashati huyahesabu kwa nambari asilia, deni lake ni nambari hasi, 600 gawanya kwa 7 ni sehemu halali ijapokuwa desimali zake hazikomi, na kitambaa cha mraba wa mita 1 akikikata hanamu, pembe hadi pembe, urefu wa mkato ni kipeuo cha pili cha 2, ambacho hakuna sehemu iwezayo kukieleza kwa ukamilifu.

Wasemao kwamba elimu hii ni ya wateule wakumbuke kwamba Al-Khwarizmi, alipokiandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, alikusudia haja za raia, yaani biashara, upimaji wa ardhi na mirathi.

Kwa hiyo wizara ikitaka kupunguza mada, na ipunguze. Lakini mwanafunzi, kabla ya kuagizwa kuitafuta x, aulizwe inasimamia nini, yaruhusiwa kuwa nambari gani, na jibu laelekea wapi. Mtihani usiouliza hayo matatu hupima kumbukumbu, nayo kumbukumbu haimkingi mtu na hasara.