Poly Styrene hakusubiri aambiwe yuko tayari

Wadau wa grupu, leo tumkumbuke marehemu mmoja ambaye wengi wetu hatukumsikia akiwa hai. Poly Styrene, mwimbaji wa panki wa Uingereza. Alifariki 25 Aprili 2011 kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 53. Panki ni ule muziki wa magitaa ya kelele, dakika mbili tatu wimbo umeisha, mwimbaji kama anagombana na mtu.

Jina lake halisi ni Marianne Joan Elliott-Said. Hilo Said ni la baba yake, Msomali. Mama ni mzungu, na ndiye aliyemlea, kule Brixton, London. Kwa hiyo ndugu zetu Wasomali mnaosoma hapa, huyu ni wenu pia.

Jina la jukwaani alilitafuta kwenye kitabu cha namba za simu, anataka kitu cha plastiki. Polystyrene ni ile nyeupe nyepesi inayowekwa ndani ya boksi la TV isivunjike, ukishatoa TV unatupa. Kajiita hivyo makusudi, kuwacheka wanaouza wanamuziki kama bidhaa.

Siku anatimiza miaka 19, Julai 1976, aliwaona Sex Pistols wakipiga Hastings. Hakusema ngoja nijifunze kwanza. Aliweka tangazo kutafuta vijana wa kupiga naye, bendi ikazaliwa, X-Ray Spex. Mwaka 1978 wakatoa albamu, Germfree Adolescents. Alipanda jukwaani meno yamefungwa nyaya, nguo za rangi kali alizochagua mwenyewe. Alisema wakijaribu kumfanya pambo la wanaume atanyoa kichwa, na kweli akaja kunyoa.

Sauti yake si ya kubembeleza mtoto, niseme tu. Inachoma masikio. Lakini sikiliza mpaka mwisho, utaona anajua anachofanya.

Sasa hapa kwetu kambini. Mimi ni wa kujitolea, napanga viti na spika, naona mambo. Mvulana akikosa noti tunasema ana mzuka. Msichana akikosa, arudi nyuma kwenye kwaya. Kabla hajafungua mdomo ameshaulizwa kavaa nini na nani kamruhusu. Kuna dada mmoja aliambiwa asicheke kwenye picha ya kikundi sababu ya pengo. Pengo jamani! Yule wa London alicheka na nyaya zake mbele ya kamera, na mabinti wengi walioanzisha bendi baada yake wanamtaja mpaka leo.

Wengine mtasema wazazi watakasirika. Baadhi watakasirika, ndiyo. Basi twende tukaongee nao, tusiwafanye wao kisingizio cha uvivu wetu.

Na msiseme hayo ni ya ujana tu. Mwezi mmoja kabla ya kufa alikuwa ametoa albamu nyingine, Generation Indigo.

Jumamosi mazoezi saa nane. Naomba maiki ya kwanza washike dada zetu, bila maswali ya nguo. Spika naleta mimi, mwenye betri alete.