Meli Haipinduki kwa Bahati Mbaya

Vijana wenzangu, kila chombo kikizama hapa kwetu, hata maiti hazijaopolewa zote, tayari wakubwa wanatuambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi Mungu namwamini, ila hiyo kauli nimeichoka. Leo nataka tuangalie meli za kubeba magari, hizi hizi zinazoleta IST na Noah za mtumba kutoka Japani mpaka Bandari ya Dar es Salaam. Zikipinduka huko kwa wenzetu, swali la kwanza ni moja: nani alipiga hesabu ya uzito, na nani alimkagua?

Meli ya magari ni kama jengo la maegesho linaloelea. Ni ghorofa juu ya ghorofa, magari yanaingia yakiendeshwa na kufungwa kwa mikanda. Ubavu wake ni mrefu kama ukuta. Kinachoifanya isimame wima ni maji yanayojazwa kwenye matangi ya chini kabisa; mabaharia wa pwani uzito wa aina hiyo huuita farumi. Maji hayo yakipungua kupita kiasi, uzito mkubwa unabaki juu. Ni sawa na basi lililorundikiwa magunia kwenye keria: kwenye barabara iliyonyooka linakwenda vizuri tu, mtihani ni kona.

Kona ndiyo iliyoimaliza Golden Ray. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2019 ilitoka bandari ya Brunswick, jimbo la Georgia, Marekani, ikiwa na magari zaidi ya 4,100. Hakukuwa na dhoruba. Rubani wa bandari alikuwa ndani. Ilipogeuka kulia ikalala ubavu wa kushoto, ndani ya dakika chache tu. Watu wote 24 waliokolewa, lakini mafundi wanne wa injini walinasa ndani kwa zaidi ya saa 30, kwenye joto kali, mpaka waokoaji walipotoboa bodi ya meli.

Uchunguzi wa NTSB, chombo cha Marekani cha usalama wa usafiri, ulikamilika 2021. Ulikuta kwamba afisa mkuu wa meli aliingiza vibaya kwenye kompyuta kiasi cha maji ya matangi, kwa hiyo kompyuta ikasema meli iko imara wakati haikuwa. Kwa kawaida yetu, hapo tungefunga faili: kosa la fulani, kwisha. Wao wakaendelea kuuliza. Wakakuta kampuni iliyoendesha meli haikuwa na utaratibu mzuri wa kuhakiki hesabu ile. Wakakuta pia milango ya kuzuia maji iliachwa wazi, ndiyo maana mafundi wale walikosa njia ya kutokea.

Na gharama ya baadaye? Meli na magari yake vilikuwa na thamani ya dola milioni 200 hivi. Kuiondoa ilibidi ikatwe vipande 8 kwa mnyororo mkubwa, kazi iliyoanza Novemba 2020 na kumalizika Oktoba 2021, katikati yake moto ukawaka na mafuta yakavuja baharini. Bili ya kuiondoa iliripotiwa kupita dola milioni 800. Mara nne ya hasara yenyewe!

Siyo yeye peke yake. Mwaka 2006 Cougar Ace ililala ubavu karibu na visiwa vya Aleutian, Alaska, wakati mabaharia wakibadilisha maji ya matangi. Mtaalamu mmoja wa uokoaji alikufa, na Mazda wakateketeza magari yote, zaidi ya 4,700. Januari 2015 Hoegh Osaka iliinama mara tu baada ya kutoka Southampton, Uingereza. Wachunguzi wakakuta iliondoka bila hesabu sahihi ya uimara wake, huku vipimo vingi vya matangi vikiwa vibovu.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Soma tena hizo namba: maiti peke yake ni zaidi ya mara mbili ya uwezo wa kivuko. Huko nako fundi mmoja aliokolewa akiwa hai ndani baada ya siku mbili. Mwaka 1996, MV Bukoba ilipozama, abiria wa daraja la tatu hawakuwa hata na orodha. Maskini hakuandikwa akiwa hai, ataandikwaje akifa?

Baada ya MV Nyerere bodi ilivunjwa, watu wakakamatwa, tukapiga makofi. Lakini kutumbua mtu hakumfundishi anayekuja kesho namna ya kuhesabu abiria.

Najua watasema, Marekani ni matajiri, msitulinganishe. Jamani, kuhesabu watu getini kunahitaji daftari na kalamu. Na aliyeshika daftari anahitaji mamlaka ya kusema chombo hakiondoki, bila kuogopa simu ya mkubwa.

Kwa hiyo sisi vijana tudai mambo matatu. Kwanza, orodha ya abiria na uzito wa mizigo vihakikiwe na mtu wa pili, na nakala ibaki nchi kavu kabla kamba hazijafunguliwa. Pili, ajali ichunguzwe na chombo huru, kisicho chini ya wizara inayomiliki kivuko; huwezi kumpa fisi kesi ya mbuzi. Tatu, ripoti nzima itoke hadharani, kwa Kiswahili, ili mvuvi wa Ukerewe aisome mwenyewe.

Mgombea akija kijijini kwako kuomba kura, wa chama tawala au wa kwetu, muulize haya matatu. Akikwepa, mwambie vivuko bado vinaondoka kila asubuhi, na ndani yake wamo mama zetu.