Afya ni Mali: Mashilingi Yarudiayo

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, vibanda vya vinyozi sokoni Laare hujaa watoto. Kila mzazi ataka mwanawe aingie darasani akiwa nadhifu, na watoto huketi kitini mmoja baada ya mwingine, mashine ile ile ikipita juu ya kila kichwa. Baada ya majuma mawili au matatu, mama akimwogesha mwanawe huona doa la mviringo kichwani, lenye magamba meupe, na nywele zimekatika karibu na ngozi. Majirani hulitambua mara moja na kusema ni mashilingi. Jina hilo limetokana na umbo la doa, lililo kama sarafu ya shilingi. Penginepo ugonjwa huo huitwa choa ukiwa mwilini, na mapunye ukiwa kichwani.

Mama hupaka mafuta, doa hupungua, naye hufurahi. Mwezi wa pili larudi, tena pamoja na mengine. Mdogo wake mtoto apatwa shavuni, na mama mwenyewe mkononi. Hapo ndipo maneno huanza: huyu asema nyumba ile ni ya uchafu, yule asema kuna jicho baya. Mtoto huvishwa kofia, wenzake humcheka, na mwisho huona heri kwenda shambani kuchuma miraa kuliko kuketi darasani. Mashilingi hayaui mtu, lakini aibu yake yaweza kumkatiza mtoto masomo. Na aibu hiyo haina msingi wowote.

Asili ya ugonjwa

Wako wanaodhani ya kuwa kuna mnyoo uzungukao chini ya ngozi. Hata Waingereza wa kale walidhani hivyo, wakaupa ugonjwa huu jina la mnyoo wa duara, nalo jina hilo limebaki katika lugha yao mpaka leo. Mnyoo haupo. Kati ya mwaka 1841 na 1844 daktari David Gruby, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Paris, alitazama nywele na magamba ya wagonjwa kwa hadubini akaona kuvu, jamaa ya ule ukungu uotao juu ya mkate uliolala.

Kuvu hii hula keratini, yaani kitu kinachojenga tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Huanzia mahali padogo, kisha huenea pande zote, huku katikati pakianza kupona. Ndiyo sababu doa la mwilini huwa na ukingo ulioinuka na kati iliyo safi, mfano wa pete. Kichwani kuvu huingia ndani ya unywele wenyewe mpaka ukakatika. Watoto ambao hawajabalehe ndio washikwao zaidi kichwani. Watu wazima hushikwa mara nyingi zaidi mwilini, kinenani au katikati ya vidole vya miguu.

Jinsi uambukizavyo

Ugonjwa hutoka kwa mtu mpaka mtu kwa kugusana, na kwa vitu vitumiwavyo na watu wengi: mashine ya kunyolea, kitana, kofia, taulo, shuka na mto. Mbegu za kuvu ni ndogo mno, hazionekani kwa macho, nazo zaweza kukaa miezi mingi juu ya kitana zikiwa hai. Wanyama nao huambukiza. Paka na mbwa wachanga huwa nayo, na ndama pia. Mfugaji akiona ndama ana mabaka ya kijivu usoni asishangae akipata doa mkononi.

Kwa hiyo mtoto wa nyumba safi aweza kupata mashilingi kwa kunyolewa mara moja tu. Usafi husaidia sana kuzuia, lakini ugonjwa si ushahidi wa uchafu wala wa laana.

Dawa, na sababu ya kurudi

Doa la mwilini huponywa kwa dawa ya kupaka, kama klotrimazoli, au marhamu ya Whitfield, ambayo daktari Arthur Whitfield wa London aliifanya maarufu tangu mwanzo wa karne ya 20. Hupakwa juu ya doa na kuvuka ukingo wake kidogo, kwa majuma mawili hadi manne.

Mashilingi ya kichwani ni jambo jingine. Kuvu imejificha ndani ya shina la unywele, mahali ambapo marhamu haifiki. Mafuta hulainisha magamba na kumdanganya mama, lakini chini yake ugonjwa waendelea. Hapana budi mtoto apewe dawa ya kumeza. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 madaktari wa Ulaya na kwingineko waliangusha nywele za watoto kwa miale ya eksirei, na baadhi ya watoto hao walipata saratani miaka mingi baadaye. Mwaka 1939 wataalamu wa London waliipata griseofulvini, dawa itokanayo na kuvu nyingine, na mwaka 1958 ikaanza kuwaponya watu. Ingali ikitumika, pamoja na dawa mpya zaidi kama terbinafini. Kipimo chake hutegemea uzito wa mtoto, hivyo huamriwa na mganga, si na muuza duka.

Griseofulvini humezwa kwa majuma sita hadi manane au zaidi, baada ya chakula chenye mafuta au maziwa. Hapo ndipo wengi hukosea. "Daktari, kichwa kimekwisha kupona, mbona waniambia niendelee?" mama huuliza. "Mama, umepona ugozi unaouona, unywele ulio chini bado," ndilo jibu lipasalo. Akiacha katika juma la tatu, mbegu zilizosalia huota upya.

Mambo mengine yaangaliwe. Uvimbe laini wenye usaha kichwani waweza kuwa mashilingi yaliyowaka. Usikatwe kama jipu, bali mtoto apelekwe kituo cha afya, au hospitalini Maua. Marhamu zenye steroidi, ziuzwazo kwa ajili ya kuwasha au kung'arisha ngozi, hutuliza doa kwa siku chache huku kuvu ikienea. Mafuta ya taa na maji ya betri huunguza ngozi tu. Na baka lisilosikia mguso lionyeshwe mganga upesi, kwa maana laweza kuwa ukoma.

Wajibu wa kila mmoja

Mtoto mmoja akipatikana na ugonjwa, ndugu zake wote wakaguliwe vichwa siku ile ile, na walioshikwa watibiwe pamoja. Kila mmoja awe na taulo na kitana chake. Shuka na kofia zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kinyozi aondoe nywele katika meno ya mashine kila baada ya mteja, kisha ayasafishe kwa dawa. Mzazi naye asione haya kumwomba afanye hivyo mbele yake. Mwalimu asimfukuze mtoto aliyekwisha kuanza dawa, wala asiache wenzake wamdhihaki.

Mzazi atibuye kichwa kimoja na kuiacha mashine, mto na ndugu wa mtoto jinsi vilivyo, atalipia dawa mara ya pili. Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Wala haumponyi mashilingi.