Tuache kusingizia meno ya watoto

Siku ya kupima watoto kilo, benchi la kituo cha afya hapa Lukafu linageuka kuwa baraza la wazee. Mama anakaa na mtoto wake wa miezi tisa. Mtoto anacheka, jirani anaona ufizi mtupu. "Bado hana hata jino moja? Wa kwangu alikuwa na mawili akiwa na miezi mitano." Kisha linafuata neno linalouma: "Labda maziwa yako ni mepesi." Mama anashusha macho. Akirudi nyumbani atamkuta mama mkwe anasema vilevile, na kuanzia kesho mtoto atapunguziwa ziwa kwa sababu ya jino ambalo halijachelewa.

Upande wa pili wa benchi kuna mama mwenye kesi ya kinyume. Wake ameota jino kwa miezi minne na kitu, amemng'ata mara moja, na tayari ameambiwa kwamba hiyo ni alama: mtoto ameomba bukari, amwachishe ziwa.

Mimi nasema wazi kwamba mama hawa wawili wamedanganywa, na waliowadanganya ni watu wanaowapenda.

Jino la maziwa linaanza kutengenezwa tumboni, kabla mama hajanyonyesha hata tone moja. Mtoto anazaliwa meno yake yakiwa tayari yamejificha ndani ya ufizi. Siku ya kutokeza inafuata zaidi damu ya ukoo, na aliyezaliwa kabla ya wakati mara nyingi huchelewa kidogo. Wengi huota la kwanza kati ya mwezi wa 6 na wa 10. Wengine huwahi mwezi wa 4, wengine hufikisha mwaka mzima hawana kitu na wana afya kamili. Maziwa ya mama hayaliharakishi jino wala hayalicheleweshi. Akifika mwaka na nusu bila jino lolote, hapo ndipo mwonyeshe mganga. Kufikia miaka 3 karibu wote wana meno yao 20, na hakuna atakayekumbuka nani alitangulia.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri miezi 6 ya ziwa peke yake, bila uji wala maji, halafu chakula pamoja na ziwa mpaka miaka 2 na zaidi. Hesabu hiyo ni ya miezi, si ya meno. Mwenye jino la miezi minne aendelee na ziwa. Asiye na jino kwa miezi sita naye apewe uji wa kunde au karanga, samaki aliyepondwa, kwa sababu ufizi wake unaweza kazi hiyo.

Meno yamekuwa mshitakiwa katika nchi hizi tangu zamani. Kwenye kamusi ya Kiswahili kuna neno kigego, mtoto aliyetanguliza meno ya juu, mtoto wa mkosi. Wabemba wanamwita chinkula. Mwaka 1867, David Livingstone alipokuwa kwa Mwata Kazembe, ng'ambo ya pili ya Luapula, si mbali na wilaya yetu ya Kasenga, aliandika kwamba mtoto wa namna hiyo aliuawa, au alipewa Waarabu wa biashara kama walikuwa karibu, maana wao hawakuwa na woga huo. Aliandika pia kwamba kwa Wakololo, mke mmoja wa mfalme Sekeletu alikataa mtoto wa mtumishi wake asiuawe kwa kosa hilo. Jina la mama huyo hakuliandika. Ningependa kulijua.

Leo hatuui mtoto kwa meno ya juu, ingawa bado wako kina nkambo wanaofungua midomo ya wajukuu kwa siri kutazama. Wapo wanaoficha. Meno ya chini hutangulia kwa wengi, ya juu hutangulia kwa wachache, na tofauti hiyo haina maana zaidi ya mtu kuandika kwa mkono wa kushoto.

Lakini kuna shitaka jipya ambalo linaua kweli, nalo lina maneno matatu tu: "Ni meno tu."

Mtoto ana homa, ni meno tu. Anahara maji, ni meno tu. Hataki kunyonya, amelegea, ni meno tu. Siku ya kwanza wanamfunga kamba shingoni. Siku ya pili wanamsugua ufizi kwa dawa ya majani. Siku ya tatu anapata degedege usiku, na ndipo baba anaanza kutafuta pikipiki.

Jino likitoka, mate yanatiririka, ufizi unavimba kidogo, mtoto anakasirika na kutafuna kila anachoshika. Joto linaweza kupanda kidogo. Homa ya 38 na zaidi haitoki kwenye ufizi. Kuhara maji mara tano kwa siku hakutoki kwenye ufizi. Kinachotudanganya ni kalenda. Katika miezi ileile ya meno, kinga ambayo mtoto alizaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua, naye anaanza kutambaa na kutia mdomoni udongo, kijiko kilichoanguka, mkono wa kaka yake. Na mbu hawasubiri. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa malaria, baada ya Nigeria. Hapa kwetu, mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza, meno yatajadiliwa baadaye.

Tusidhani ujinga huu ni wa kijijini peke yake. Uingereza katika karne ya 19 waliandika "meno" kama sababu ya kifo kwenye vitabu vya serikali, na madaktari walipasua ufizi wa watoto kwa kisu. Uliuzwa pia unga wa kutuliza meno ulio na zebaki, sumu, mpaka katikati ya karne ya 20.

Na majirani zetu wamefika pabaya zaidi. Tanzania wanaita meno ya plastiki, Uganda wanasema ebinyo. Mtoto akihara na kuwa na homa, mtu anaonyesha uvimbe mweupe kwenye ufizi, anasema huo ndio ugonjwa, kisha anauchimba kwa msumari au spoku ya baiskeli. Anachotoa ni chipukizi la jino zima. Wako waliokufa kwa kutoka damu au kwa maambukizi, na kuhara kukabaki palepale. Mambo hayo yalianzia kwenye sentensi hiihii tunayoisema hapa bila kufikiri.

Sina ugomvi na mama. Kutoka kijijini mpaka kituoni ni mwendo, wakati wa mvua barabara ni matope, na pesa ya dawa iko mfukoni mwa baba. Akisema "ni meno" mara nyingi anasema "sina namna". Ugomvi wangu ni na sisi wanaume tunaolipenda neno hilo kwa sababu halidai hata franka moja. Na wauguzi nao, siku ya kilo, wasimalize kwa kuandika namba kwenye fishi. Wamuulize mama nyumbani wanasema nini juu ya meno. Wamwambie pia kwamba chanjo ya surua ya miezi 9 haiahirishwi eti kwa kuwa mtoto anaota meno.

Na siku hiyo ya kilo, nkambo naye aitwe, akae kwenye benchi lilelile. Yeye ndiye atakayeulizwa saa nane za usiku, wakati muuguzi amelala.