Mafuta ya Tumboni Hayalali

Kutoka Mangina hadi Butembo, mashariki mwa Kongo, mtu akinenepa husifiwa: kakao imemlipa, nyumbani kuna amani, hana ugonjwa. Sifa hiyo haikuzuka bure. Ukimwi ulitufundisha kuogopa kukonda, vita vikatufundisha njaa, na tangu Ebola ilipotangazwa katika eneo la afya la Mabalako tarehe 1 Agosti 2018 hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, tulizoea kumtambua mgonjwa kwa kumpima joto barabarani. Shinikizo la damu halipandishi joto wala halimkondeshi mtu, basi hupita kila kizuizi likisalimiwa kwa heshima. Imani inayolifungulia njia ni hii: kwamba mafuta ya mwilini ni akiba iliyolala ghalani, ikingoja siku ya njaa.

Wanasayansi waliiacha imani hiyo zamani. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta yenyewe ili kuujulisha ubongo kuwa chakula kipo. Mafuta yakizidi, leptini nayo huzidi katika damu, mpaka ubongo unaizoea na hamu ya kula haipungui tena. Balaa ni kwamba kazi yake nyingine haizoeleki kwa kiasi hicho: huendelea kuchochea mishipa ya fahamu inayoharakisha moyo na kuzifanya figo zibakize chumvi. Mafuta hayohayo hutoa pia anjiotensinojeni, malighafi ya homoni inayobana mishipa ya damu. Na adiponektini, ambayo huilinda mishipa hiyo, hupungua kadiri tumbo linavyojaa. Ghala gani hilo linalotoa amri usiku na mchana?

Kuna wanaojibu kwamba mwili mkubwa unahitaji damu nyingi, moyo unasukuma zaidi, na homoni hazina neno hapo. Ni kweli kwamba mzigo wa mwili una sehemu yake. Lakini wapo watu wachache duniani waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza leptini. Hunenepa kupita kiasi tangu utotoni, na hata hivyo shinikizo lao la damu halipandi kama la wanene wengine. Uzito wanao, kinachokosekana ni ile amri.

Pingamizi zito zaidi, hasa Beni, ni kwamba mawazo ndiyo yanayopandisha shinikizo. Watu wamekimbia Eringeti na Oicha, wamezika ndugu. Nani atawaambia kuwa kisa ni kiuno? Sikatai mawazo. Ila hofu na leptini hupita njia moja, ya mishipa ileile ya fahamu, kwa hiyo mwenye vyote viwili amebeba mara mbili. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, na shinikizo lao lilipanda katika miezi ya mwanzo tu. Uzito wao, mapigo ya moyo na uwiano wa sodiamu na potasiamu katika mkojo vilikuwa juu kuliko vya wenzao waliobaki kijijini. Leptini ilikuwa bado haijajulikana. Anayehamia Butembo leo, akaacha kutembea kwenda shamba na kuzoea makayabo, yaani samaki wa chumvi, na vipande vya kukolezea supu, anaifuata njia hiyohiyo, awe na mawazo au asiwe nayo.

Wembamba pia hupata ugonjwa huu, kwa sababu ya chumvi, umri, figo au ukoo, na hilo haliyasafishi mafuta. Wala mafuta yote hayana hatia sawa. Ya mapajani na makalioni ni ya upole. Yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yenye fujo. Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliofanywa katika nchi 52, ulionyesha kuwa uwiano wa kiuno na nyonga hutabiri mshtuko wa moyo vizuri kuliko uzito uliolinganishwa na urefu. Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Utepe wa fundi cherehani unatosha kwa kuanzia: kiuno kikizidi nusu ya urefu wa mtu, apimwe shinikizo hata kama haumwi kitu. Kwa wastani, kila kilo moja inayopungua huteremsha shinikizo kwa takriban milimita moja ya zebaki, bila kununua kidonge.