UCHAMBUZI: AI inameza memori, lakini kijana bado anaweza kujijengea kompyuta ya 1981

KAMA umekuwa ukiweka pesa kidogo kidogo ununue Raspberry Pi, ile kompyuta inayotoshea kiganjani, pole. Desemba 2025 kampuni inayoitengeneza ilipandisha bei. Pi 5 yenye memori ya 16GB ilitoka dola 120 hadi 145. Ukihesabu dola kwa Sh129, hiyo ilikuwa karibu Sh18,700 wakati huo, kabla ya kulipa usafiri na ushuru.

Sababu? Akili unde. Vituo vya data vinavyoendesha AI vinataka memori nyingi mno, na kampuni zinazotengeneza chipu hizo kwa wingi ni chache: Samsung, SK Hynix na Micron. Mwenye pesa nyingi anahudumiwa kwanza. Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu chumbani kwake yuko mwisho wa foleni.

Hili linauma kwa sababu Pi ilitengenezewa mwanafunzi huyo huyo. Ilipotoka Uingereza Februari 29, 2012, iliuzwa dola 35. Eben Upton na wenzake kule Cambridge walikuwa wameona idadi ya vijana wanaoomba kusomea kompyuta chuoni ikishuka, na waliofika wengi hawakuwa na uzoefu wa kuandika programu. Walitaka kurudisha enzi za BBC Micro, mashine ya 1981 iliyoenea katika shule za Uingereza. Ukiiwasha, haikukuletea video. Ilikungoja tu uandike amri.

Sasa jiulize, BBC Micro Model B ilikuwa na memori kiasi gani? Kilobaiti 32! Picha moja ya simu yako inaizidi. Lakini ilifunza kizazi kizima.

Ndiyo maana nasema usilie na 16GB. Tafuta ile ndogo, Zero 2 W, iliyotoka 2021 kwa dola 15. Ina 512MB, mara 16,384 ya BBC Micro. Kisha jenga emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta moja ijifanye nyingine.

Kazi yenyewe si uchawi. BBC Micro ilitumia prosesa iitwayo 6502. Unaanza na orodha ya nafasi 65,536, ambazo ndizo anwani zote prosesa hiyo inaweza kufikia. Unaongeza rejista chache: A, X, Y, na kihesabu kinachokumbuka umefika wapi. Kutoka hapo ni mzunguko tu: soma namba, jua maana yake, itekeleze, nenda inayofuata. Ikikutana na A9 ikifuatwa na 05, inaweka 5 ndani ya A. Amri rasmi ni 56 pekee. Ukiandika kwa Python utaelewa haraka ila itakokota; kwa C utafikisha kasi ya 2MHz bila shida. Na unaweza kuanzia kwenye laptopu ya kuazima, Pi ije baadaye.

Kitakachokutoa jasho ni skrini na kibodi. Usikate tamaa hapo, maana hapo ndipo unapojua kompyuta inavyofanya kazi hasa.

Utasema, kwani siwezi kupakua RetroPie nimalize mambo jioni moja? Unaweza. Ila utabaki mchezaji. Tena chunga: emuleta uliyoandika mwenyewe ni mali yako, lakini faili za michezo zina hakimiliki. Mwaka 2024 waliotengeneza emuleta ya Yuzu walikubali kulipa Nintendo dola milioni 2.4 kumaliza kesi.

Kuna jambo lingine tamu. Sophie Wilson na Steve Furber, walioshiriki kuunda BBC Micro katika kampuni ya Acorn, ndio waliobuni prosesa ya ARM, iliyofanya kazi mara ya kwanza 1985. ARM ndiyo iliyo ndani ya Pi, na karibu hakika ndani ya simu unayosomea haya. Kwa hiyo Pi ikiendesha emuleta ya BBC Micro, ni mjukuu anayemwigiza babu yake.

Hapa kwetu, taasisi ya mitaala KICD iliidhinisha mtaala wa kufunza uandishi wa programu shuleni 2022. Mtaala upo, vifaa ndivyo shida, na vita vya memori vinazidi kuviweka mbali. Shule na wazazi wasidanganywe kwamba bila mashine ya bei mbaya mtoto hawezi kuanza. Walioleta ARM walianza na kilobaiti zinazohesabika. Wewe una mara elfu kadhaa ya hizo mfukoni, kwa hivyo kilichobaki ni kuketi na kuandika mstari wa kwanza.