Msitu wa Mau na haki ya wanaourithi

SERIKALI inapoutazama Msitu wa Mau huona chimbuko la mito ya Mara, Sondu na Njoro. Mfanyabiashara huona mbao. Mwogiek huona mizinga ya nyuki, dawa, mahali pa ibada na makaburi ya mababu zake.

Thamani zote hizo ni za kweli. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi watawala walizipima mbili za kwanza pekee, naye mwenye kuithamini ya tatu akahesabiwa kuwa mvamizi.

Oktoba 2009, Waogiek walipewa notisi ya siku 30 wahame, kwa hoja ya kulinda maji. Kesi yao ilifika Arusha. Mnamo Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao za ardhi, dini na utamaduni. Ilikataa hoja ya uhifadhi, ikisema chanzo kikuu cha uharibifu wa Mau kilikuwa uvamizi wa watu wengine na hatua ya serikali kuugawa msitu.

Juni 2022, mahakama hiyo iliagiza jamii hiyo ilipwe fidia ya Sh157.85 milioni, ardhi yake ipimwe na ipewe hatimiliki ya pamoja. Hata hivyo, Novemba 2023 familia za Waogiek zilifurushwa tena huko Sasimwani, Kaunti ya Narok.

Hapo ndipo ilipo kasoro. Thamani ya msitu kwa Waogiek ilitambuliwa mahakamani, lakini uamuzi kuhusu msitu ukabaki mikononi mwa walewale.

Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 tayari kinaitambua ardhi ya jadi ya jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Kilichosalia ni utekelezaji: hatimiliki, pamoja na kiti chenye kura, si cha kushauriwa tu, panapoamuliwa mambo ya msitu.

Wapo wanaohofia kwamba ardhi itakatwa vipande na kuuzwa. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni hati ya pamoja yenye masharti yanayowafunga wote, Waogiek wakiwemo.

Mrina asali hana faida katika msitu uliofyekwa. Kumwondoa msituni ni kuupokonya msitu mlinzi asiyedai mshahara.